Val Lewton: Mtu Aliyetisha Watu kwa Giza Tupu

Muhula uliopita kikundi chetu cha filamu kilionyesha filamu fupi ya jini. Tulichangishana kutoka kwenye bumu, tukashonesha vazi, tukanunua rangi na manyoya ya bandia. Jini alipotokea tu kwenye skrini, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliyeandika ile hadithi ni mimi, na aliyeng'ang'ania hela yote iende kwenye vazi ni mimi pia. Tangu siku ile wenzangu wanasema tusifanye kitu tena mpaka tupate mfadhili. Na mimi nilishakubali, hadi nilipotazama dokumentari ya mwaka 2007 iitwayo Val Lewton: The Man in the Shadows, iliyoongozwa na Kent Jones na kusimuliwa na Martin Scorsese.

Lewton ni nani? Alizaliwa mwaka 1904 huko Yalta, pwani ya Bahari Nyeusi, enzi za himaya ya Urusi, akiitwa Vladimir Leventon. Akiwa bado mtoto mdogo, mama yake alimhamishia Marekani pamoja na dada yake. Mama yake mdogo, Alla Nazimova, alikuwa mwigizaji mwenye jina kubwa kule. Kijana akasoma uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaishi kwa kalamu: makala, riwaya, chochote kilicholipa. Baadaye akafanya kazi kwa miaka kadhaa chini ya David O. Selznick, mtayarishaji mkubwa wa Hollywood, akimsomea hadithi na kumshauri ipi inafaa kuwa filamu.

Mwaka 1942 studio ya RKO ilikuwa na hali mbaya kifedha. Filamu za Orson Welles ziliiletea sifa, lakini sifa hailipi mishahara. Wakubwa wakaamua kutengeneza filamu za kutisha za bei rahisi, wakampa Lewton kitengo hicho. Masharti yalikuwa matatu: filamu isizidi dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina la filamu wanachagua wao. Yaani unapewa kichwa cha habari kwanza, halafu ndiyo utafute habari yenyewe.

Jina la kwanza aliloletewa lilikuwa Cat People. Watu-paka! Mtu mwingine angekimbilia kwa fundi akashone vazi la paka. Mimi ningeshona. Lewton, ambaye mwenyewe paka walikuwa wanamtia hofu, alikaa na mwongozaji Jacques Tourneur na mwandishi DeWitt Bodeen wakatunga habari ya Irena, mhamiaji kutoka Serbia anayeishi New York, anayeamini kwamba akimkaribia mume wake kwa mapenzi atageuka chui. Kwa seti walitumia hata ngazi zilizobaki kwenye filamu ya Welles, The Magnificent Ambersons.

Kuna sehemu moja mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya bustani. Tunasikia viatu vyake, na viatu vya mwingine nyuma yake. Ghafla vile vya nyuma vinanyamaza. Anaongeza mwendo, anageuka, hamna mtu. Halafu mngurumo unapasua masikio: kumbe ni basi limefunga breki mbele yake! Mhariri wa filamu ile alikuwa Mark Robson, na mpaka leo watu wa filamu wanauita mtindo huo kwa jina la basi la Lewton. Hakuna mnyama aliyeonekana, na bado niliruka kitandani.

Ila iliyonikaa zaidi ni ya The Leopard Man, ya mwaka 1943. Mama anamtuma binti yake usiku akanunue unga wa mahindi. Binti anaogopa, maana kuna chui ametoroka mjini. Mama anamsukuma nje na kufunga mlango. Wangapi kati yetu hatujatumwa unga usiku? Binti anarudi anakimbia, anagonga, analia afunguliwe. Mama anadhani ni visingizio vya mtoto. Anapogutuka, komeo limekwama. Sisi tumebaki ndani pamoja naye, tunasikia tu, kisha damu inapita chini ya mlango. Gharama yake ni mlango mmoja na kimiminika kidogo, lakini hakuna aliyecheka.

Mwaka huohuo walimpa jina jingine la ajabu, I Walked with a Zombie. Yeye akachukua mifupa ya riwaya ya Jane Eyre, akaihamishia kisiwa cha Karibea, na chini ya habari ya mzuka akaweka kumbukumbu ya watumwa walioletwa pale kwa meli. Jina lilikuwa la wakubwa, lakini kilichomo ndani kilikuwa chake.

Hakuwa mwongozaji, alikuwa mtayarishaji. Lakini mswada wa mwisho wa karibu kila filamu ulipita mikononi mwake, mara nyingi usiku, na mara nyingi bila jina lake kuandikwa. Aliwapa Robson na Robert Wise nafasi yao ya kwanza ya kuongoza. Huyo Wise ndiye aliyekuja kuongoza The Sound of Music.

Sitaki kudanganya kwamba ufukara ni baraka. Baada ya Bedlam ya mwaka 1946 aliondoka RKO, akapita studio kubwa zenye fedha zaidi, na hakufanya tena kazi ya kiwango kile. Robson na Wise walipanga kufungua kampuni pamoja naye, kisha wakamwacha nje. Moyo wake ulishachoka. Alifariki Machi 1951 akiwa na miaka 46 tu.

Nilipomaliza kutazama nilikaa muda mrefu nikiliangalia lile vazi la jini, ambalo sasa linakaa chini ya kitanda changu. Shida yetu haikuwa hela. Tulikuwa na hela kidogo, tukaitumia kumwonyesha mtazamaji kitu ambacho kichwani mwake kilikuwa kinatisha zaidi.

Nimeandika upya. Safari hii jini haonekani. Kuna korido ya hosteli umeme umekatika, ndoo inaburutwa ghorofa ya juu ambako hakuna anayeishi, na msichana anayegonga mlango wa chumba chake mwenyewe. Wenzangu wawili wamekubali, mmoja bado anasubiri mfadhili. Sisi tutaanza umeme utakapokatika tena. Kama una kifaa kizuri cha kurekodi sauti, nitafute.