Hans Renold, mtu aliyeipa kinga sheni yake

Chukudu inashuka mpaka Goma na mzigo wa viazi bila sheni. Lakini kinga na moto haziendi bila sheni, na watu mingi wanaopata mkate juu yake hawajui ilitoka kwa nani.

Hans Renold alizaliwa mwaka 1852 Aarau, inchi ya Uswisi. Alisoma mambo ya mashini Zurich, na mwaka 1873 akaenda kutafuta maisha Manchester, Uingereza, mji wa viwanda vya pamba. Mwaka 1879 akanunua karakana ndogo huko Salford iliyokuwa inatengeneza sheni za mashini za pamba.

Sheni za wakati ule zilikuwa zinaisha mbio, juu uzito wote ulikaa mahali padogo tu, pale ambapo bamba jembamba linagusa pini. Mwaka 1880 Renold akavalisha kila pini kibomba kidogo cha chuma, na juu yake pete inayozunguka. Njo vile uzito ukagawanyika pini nzima. Mwaka 1885, Starley wa mji wa Coventry akatoa kinga ya Rover, inayovutwa na sheni kwa gurudumu la nyuma. Kinga za leo zimefuata njia ile.

Sisi watu wa sindika tunamukumbuka pia kwa jambo lingine. Mwaka 1896 aliwapa wafanyakazi wake juma la saa 48, wakati viwanda vingine vya mashini vilikuwa vinapita saa 50. Hakuwa malaika: kisha alifuata mawazo ya Taylor, Mwamerika aliyepima kila kazi kwa saa mkononi. Lakini alielewa kama mtu naye anachakaa, sawa chuma. Alikufa mwaka 1943.

Sheni yake inaomba matunzo, zaidi hapa kwetu. Vumbi ya mawe ya Nyiragongo ikichanganyika na mafuta inakula chuma sawa msasa. Safisha kwanza na kitambaa na petroli, acha ikauke, weka tone moja kwa kila pete, kisha panguza inje. Mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika yana unga wa chuma ndani, usiyatie.

Ukinunua sheni ya kinga iliyotumika, ipime. Kutoka pini ya kwanza mpaka ya 25, ikiwa mpya ni sentimetre 30,5. Ikifika 30,8, iache: itaharibu na meno ya gurudumu.

Waya ya freni nayo iangalie karibu na mkono. Uzi mmoja ukikatika, badilisha waya nzima, juu zile zinazobaki zinabeba uzito wa mwenzao, na zitakatika moja moja. Bei ya waya ni ndogo kuliko bei ya mguu kwenye mteremko.