Thomas Graham: Mskoti aliyegundua kuwa mpira huchuja hewa

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi hupita Mariakani, Samburu na Taru, kisha huingia mji mdogo wa Mackinnon Road. Mji huo una jina la Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti ambaye kampuni yake, iliyopata kibali cha kifalme mnamo 1888, ndiyo iliyoanza kufyeka barabara kutoka pwani kwenda bara.

Waskoti wa karne hiyo wanajulikana sana katika historia ya Afrika Mashariki. David Livingstone yumo katika kila kitabu cha shule, na John Kirk anakumbukwa Zanzibar kwa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Lakini mwalimu aliyemfundisha Livingstone kemia hatajwi, ingawa kazi yake ya mwisho inawahusu wafugaji wa Taru kuliko wanavyodhani.

Mwalimu huyo ni Thomas Graham, aliyezaliwa jijini Glasgow mnamo Desemba 1805. Babake, James, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mwenye uwezo, na alikuwa ameshaamua kwamba mwanawe atakuwa kasisi wa Kanisa la Uskoti. Kijana alipojiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow mnamo 1819 alinaswa na kemia, na hakunasuka tena.

Baba alikasirika, akakata msaada wa fedha. Mama na dada ndio waliosimama na Thomas. Alikwenda Edinburgh, akaishi kwa kufundisha na kuandika, na inasimuliwa kwamba malipo yake ya kwanza ya uandishi aliyatumia kuwanunulia mama na dada zawadi. Hakuoa maisha yake yote.

Mnamo 1830 aliteuliwa profesa katika chuo cha Anderson, Glasgow, ambako vijana wa tabaka la wafanyakazi waliweza kupata masomo. Livingstone, aliyekuwa ametoka kiwanda cha pamba, aliketi mbele yake kuanzia 1836. Msaidizi wa maabara alikuwa James Young, mwana wa seremala, na urafiki wa hao wawili ulidumu hadi kifo. Graham hakuwa msemaji hodari. Alikuwa mwenye haya na sauti yake ilikuwa ya kusitasita. Wanafunzi walimvumilia kwa sababu alijua alichokuwa akikisema.

Wakati huo tayari alikuwa amepata jambo lililompa jina. Kila mtu wa pwani anajua kwamba udi ukifukizwa chumba kimoja, harufu hufika chumba cha pili bila upepo wowote. Graham aliuliza gesi husafiri kwa kasi gani, akazipenyeza katika plasta yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, akazipima moja baada ya nyingine. Mnamo 1833 alitangaza kanuni: kadiri gesi ilivyo nzito ndivyo inavyopenya polepole, kwa kipimo cha kipeuo cha pili cha uzito wake. Oksijeni ina uzito mara 16 wa haidrojeni, kwa hiyo haidrojeni huenda kasi mara nne yake.

Mnamo 1837 alihamia London, akafundisha chuo kikuu huko kwa miaka 18. Mwaka wa 1841 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Kemia, na mnamo 1855 akapewa usimamizi wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza, kiti alichowahi kukikalia Isaac Newton. Wengi wangekitumia cheo hicho kupumzika. Graham alisimamia mabadiliko ya sarafu za shaba kuwa za shaba nyeusi mnamo 1860, na jioni akarudi kwenye vyombo vyake.

Mwaka uliofuata alionyesha kwamba karatasi ya ngozi huruhusu chumvi na urea kupita ndani ya maji huku ikizuia vitu vizito kama gundi. Ndiye aliyeipa njia hiyo jina la dayalisisi. Mgonjwa wa figo anayeunganishwa na mashine leo anatibiwa kwa msingi huo.

Kisha ukaja mpira. Miaka zaidi ya 30 nyuma, daktari mmoja wa Philadelphia, John Mitchell, alikuwa ameona kwamba vibofu vya mpira vilivyojazwa gesi hunywea bila kutoboka. Graham alichukua kitambaa cha hariri kilichopakwa mpira, akaondoa hewa upande mmoja kwa pampu ya zebaki, akasubiri.

Matokeo yalipingana na kanuni yake mwenyewe. Kaboni dayoksaidi ina uzito mara 22 wa haidrojeni na ilipaswa kujikokota nyuma. Badala yake iliupita mpira kwa kasi kama mara mbili na nusu ya haidrojeni. Mtu mwenye sifa kubwa ana kila kishawishi cha kulaumu vyombo. Graham, akiwa na umri wa miaka 60, alikubali kwamba mpira si ukuta wenye matundu. Gesi huyeyuka ndani yake kama sukari katika maji, husafiri humo, kisha hutoka upande wa pili. Inayoyeyuka kwa wingi hutangulia, hata kama ni nzito.

Alichapisha haya mnamo 1866. Akichukua naitrojeni kuwa moja, oksijeni ilipata 2.556, gesi ya vinamasi 2.148 na kaboni dayoksaidi 13.585. Kutoka hewa ya kawaida alivuta hewa yenye oksijeni asilimia 41 hivi, mara mbili ya kawaida, na kijiti chenye kaa kikawaka upya ndani yake.

Gesi ya vinamasi ndiyo methani, ile ile itokayo katika mtambo wa biogesi unaolishwa samadi ya ng'ombe. Kinachoipunguzia nguvu biogesi ni kaboni dayoksaidi iliyochanganyika nayo. Kwa hesabu ya Graham mwenyewe, mpira hupitisha kaboni dayoksaidi kwa kasi zaidi ya mara sita ya methani. Yaani njia ya kuisafisha ilikuwa imeandikwa tangu 1866.

Kilichokosekana ni utando mwembamba wa kutosha. Viwanda vilisubiri zaidi ya karne moja. Mnamo 1980 kampuni ya Monsanto ya Marekani iliuza mitambo ya kutenga haidrojeni kwa nyuzi tupu za polima ya mafuta ya petroli, na tangu hapo tando nyingi zimekuwa za jamii hiyo. Hudumu miaka, lakini zikichoka haziozi.

Taka ya namna hiyo si ngeni Kenya. Kabla ya marufuku ya Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ilitapakaa kando ya barabara nchini na mifugo ikaila pamoja na malisho. Utando wa Graham ulikuwa utomvu wa mti, na utomvu huoza. Mtoria, mmea wa misitu ya pwani uliopewa jina la kitaalamu la Kirk, hutoa mpira wa aina hiyo, na mpira wa porini uliwahi kuuzwa ng'ambo kupitia Zanzibar na Mombasa.

Watafiti sasa wamerudi huko: mpira asilia, selulosi ya mimea, kitosani ya maganda ya kamba, polima ya asidi ya maziwa. Ugumu ni kwamba utando unatakiwa usiguswe na unyevu na joto kwa miaka ndani ya mtambo, kisha ukitupwa uoze upesi. Masharti hayo mawili hayajapatana bado.

Graham alifariki London Septemba 16, 1869, akiwa bado mtumishi wa serikali, akazikwa Glasgow. James Young, aliyekuwa ametajirika kwa mafuta ya taa, alilipia sanamu yake iliyosimamishwa katika uwanja wa George jijini humo mnamo 1872. Miaka miwili baadaye ni Young huyo huyo aliyelipa nauli ya Susi na Chuma kwenda Uingereza, baada ya wenzao na wao kuubeba mwili wa Livingstone kwa miguu hadi Bagamoyo.