Lord Delamere wa Muthaiga: Msumeno Uliokata Upande Mmoja

Wazee wa Bujumbura waliokula chumvi nyingi wanakumbuka jinsi mji huu, ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, ulivyogawanyika sehemu mbili. Wazungu walikuwa na mitaa yao, na Waafrika walikuwa na yao ya Buyenzi na Bwiza. Mahali pa starehe nako kulikuwa na mpaka. Mwafrika aliyeonekana ndani ya klabu ya Wazungu alikuwa ama mpishi, ama mtumishi wa meza, ama mlinzi wa lango.

Desturi hiyo haikuzaliwa hapa kwetu. Ilienea katika makoloni yote ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, na klabu iliyopata sifa kuliko zote katika eneo hili ni ile ya Muthaiga, mjini Nairobi. Nayo Muthaiga haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Hugh Cholmondeley, mtu ambaye dunia ilimjua kwa jina la Lord Delamere. Maisha yake yafaa kujulikana na kila mtu aliyevaa sare na kuapa kulinda sheria, kwa sababu yanaonyesha mambo yanayotokea sheria inapobagua mtu wa kumkata.

Delamere alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870, katika ukoo wa makabaila wenye ardhi nyingi. Alisoma katika shule ya Eton, na mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alirithi cheo na mali ya baba yake. Hakupenda vitabu. Alipenda farasi, bunduki na hatari. Mwaka 1891 alifika kwa mara ya kwanza nchi ya Wasomali kuwinda simba, akarudi huko mara kadhaa.

Mwaka 1894, katika safari mojawapo, simba alimwangusha na kumrarua mguu. Aliyemwokoa ni Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, Abdullah Ashur. Mtu huyo alimrukia simba kwa mikono mitupu, na bwana wake akapata nafasi ya kuishika tena bunduki yake. Delamere alichechemea tangu siku hiyo hadi kufa kwake. Kwa hiyo kila hatua aliyotembea katika ardhi ya Kenya, aliitembea kwa sababu Mwafrika mmoja alikuwa tayari kufa kwa ajili yake.

Mwaka 1896 aliondoka Berbera na msafara mkubwa wa ngamia, akaelekea kusini, na mwaka uliofuata akatokea katika nyanda za juu za Laikipia. Baada ya jangwa kavu, aliona majani mabichi, mito na hewa baridi, akaipenda nchi ile. Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, na mwaka 1903 akahamia Kenya moja kwa moja. Serikali ya kikoloni ilimkodishia ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Baadaye alipata shamba jingine kubwa, Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita.

Haki yataka tuseme kwamba Delamere hakuwa mvivu. Aliishi miaka mingi katika nyumba ya udongo, akaamka kabla ya jua, akala chakula cha kawaida. Kondoo alioleta walikufa kwa kukosa madini katika majani ya Njoro. Ng'ombe waliangamizwa na maradhi. Akalima ngano, nayo ikashikwa na kutu. Hakukata tamaa, alimwajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu zinazostahimili ugonjwa huo, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka iliyopewa jina la Kiswahili, Unga. Mali yake ya Uingereza iliteketea katika majaribio hayo, lakini kilimo cha ngano cha Kenya kilipata msingi humo. Aidha, alijifunza Kimaasai na kuwaheshimu sana wafugaji wa kabila hilo.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wakaahidiwa kwamba Laikipia ingekuwa yao daima. Daima hiyo ilidumu miaka 7 tu, kwani mwaka 1911 uliandikwa mkataba wa pili wa kuwahamisha tena ili walowezi wapate nafasi. Wamaasai hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani, kama raia mwema afanyavyo. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi yao, ikaamua kwamba mikataba ile ilikuwa kama mikataba baina ya mataifa mawili, na kwa hiyo hakimu hakuwa na uwezo wa kuisikiliza.

Mwaka huohuo, usiku wa tarehe 31 Desemba, klabu ya Muthaiga ilifungua milango yake. Palikuwa na jengo lenye kuta za rangi ya waridi, vyumba vya kulala, ukumbi wa kucheza dansi, baa, na nafasi za michezo, gofu ikiwamo. Maofisa wa serikali walikuwa na klabu yao ya Nairobi, na Muthaiga ikawa makao ya walowezi. Mtu hakuingia kwa sababu ana fedha tu. Ilimpasa akubaliwe na wanachama. Mwafrika na Mhindi hawakufikiriwa hata kidogo.

Delamere alikuwa jogoo wa mahali hapo. Yasimuliwa kwamba alikuwa akiipiga mipira ya gofu hadi juu ya paa la klabu, kisha akapanda mwenyewe kuifuata. Yasimuliwa pia kwamba aliwahi kuingia na farasi wake katika chumba cha kulia chakula cha hoteli ya Norfolk na kuruka nacho meza. Waliokuwapo walicheka, nayo hasara ikalipwa. Kosa ambalo lingemlaza mtumishi rumande, kwa bwana lilikuwa hadithi ya kusimulia baada ya chakula.

Mzaha huo haukuishia kwenye paa. Mwaka 1908 Delamere aliongoza walowezi kuandamana hadi nyumbani kwa Gavana, kwa sababu serikali ilikuwa imeweka masharti juu ya kuwaandika kazi Waafrika. Adhabu aliyopata ilikuwa kusimamishwa kwa muda katika Baraza la Kutunga Sheria.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, alikwenda kwenye mpaka wa Wamaasai kukusanya habari za Wajerumani. Alitumika kwa ujasiri mpaka afya yake ikaharibika. Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles nao walipigana, na wapagazi kwa maelfu na maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Vita vilipokwisha, serikali iliandaa mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi askari wastaafu. Waliogawiwa mashamba ni Wazungu. Askari Mwafrika alirudi kijijini akakuta anatakiwa kubeba kipande shingoni, na polisi mwenzake akiwa na amri ya kumkamata asipokuwa nacho.

Hapo ndipo Harry Thuku alipoanza kupinga kipande, kodi na mishahara duni. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo umati wa watu usio na bunduki, wanawake wakiwa mstari wa mbele, ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na ilielezwa kwamba baadhi ya Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara, nao walipiga. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu 21 walikufa. Wengine walihesabu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kuhukumiwa na mahakama.

Haukupita muda mrefu, walowezi, wengi wao maofisa wastaafu wa jeshi, walipanga kumteka nyara Gavana Robert Coryndon na kushika reli na simu, wakihofia kwamba Wahindi wangepewa haki sawa nao. Huo ulikuwa uasi wa silaha dhidi ya serikali halali waliyoapa kuitii. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Badala ya pingu walipewa mazungumzo, na Delamere akaongoza ujumbe wao kwenda London mwaka 1923. Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba masilahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa, lakini nyanda za juu zikabaki mikononi mwa Wazungu.

Msomaji apime mwenyewe matukio hayo mawili. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika Kenya ya Delamere msumeno ulikata upande mmoja tu, na walioushika mpini ni polisi na askari, wengi wao wana wa nchi ile ile. Lango la Muthaiga halikulindwa na Delamere mwenyewe. Lililindwa na Mwafrika aliyeajiriwa kuwazuia Waafrika wenzake.

Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931, huko Loresho karibu na Nairobi, akiwa na umri wa miaka 61 na madeni makubwa ya benki. Alizikwa Soysambu. Wenzake walimsimamishia sanamu katikati ya Nairobi, kwenye barabara iliyopewa jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 sanamu iliondolewa na kupelekwa shambani, na barabara ikaitwa Kenyatta. Klabu ya Muthaiga haikubomolewa. Ilibaki mahali pake, ikabadili wanachama, na Waafrika wakaingia kwa mlango wa mbele.

Hata hivyo, rangi ya wanachama ikibadilika, swali la lango halifutiki. Kila nchi huru ina mahali ambapo wakubwa hukutana kucheza na kustarehe, na nje yake amesimama askari usiku kucha. Kumlinda mtu na mali yake ni kazi ya heshima. Lakini askari huyo akiona kosa ndani ya lango, na akaliona kosa lilo hilo kwa mchuuzi wa barabarani, akamkamata mmoja na kumpigia saluti mwingine, basi Delamere hajafa. Yungali juu ya paa akitafuta mpira wake.