Vito Volterra: Mwanahisabati wa Samaki Aliyekataa Kiapo

Mwaka 1936, Baba Mtakatifu Pio XI alipoiunda upya Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, miongoni mwa wanachama aliowateua alikuwamo Myahudi mmoja mzee, ambaye serikali ya nchi yake ilikwisha kumfungia milango ya vyuo. Huyo ndiye Vito Volterra, ambaye leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari zake.

Alizaliwa Ancona, bandari ya Italia, tarehe 3 Mei 1860, miezi michache kabla mji huo haujatoka katika utawala wa Kipapa. Baba yake, mfanyabiashara wa nguo, alifariki mtoto akiwa na miaka miwili, akalelewa na mama yake chini ya hifadhi ya mjomba. Ndugu walitaka ashike biashara. Yeye akang'ang'ania hisabati. Akiwa na miaka 23 alikuwa profesa mjini Pisa, kisha Torino, na tangu 1900 Roma. Mwaka 1905 akawa Seneta.

Kazi inayomfanya akumbukwe na wanabiolojia ilimjia uzeeni, kupitia kwa mkwewe, Umberto D'Ancona, aliyechunguza takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatiki. Katika soko la Fiume, papa, taa na jamaa zao walikuwa asilimia 11.9 ya samaki wote mwaka 1914. Mwaka 1918 walifikia asilimia 36.4, na kufikia 1923 walishuka hadi 10.7. Vita Kuu ilikuwa imepunguza uvuvi. Kwamba samaki waliopumzishwa nyavu wangeongezeka, hilo halikumshangaza mtu. Lakini kwa nini walaji wanufaike kuliko wanaoliwa?

Mwaka 1926 Volterra alijibu kwa milinganyo miwili. Samaki wadogo huzaana, na walaji huwapunguza. Walaji huongezeka wapatapo chakula, na hufa njaa wakikikosa. Hivyo makundi hayo mawili hupanda na kushuka kwa zamu, moja likilifuata jingine. Uvuvi wa kiasi huwapunguza wote kwa pamoja, ila wadogo hupata nafuu kwa kuwa adui zao wamepungua, hata wastani wao ukazidi wa awali. Uvuvi ukikoma, faida hurudi kwa walaji. Huko Marekani, Alfred Lotka alikuwa amefikia milinganyo hiyohiyo kabla yake, na leo hubeba majina yao yote mawili.

Volterra aliuliza pia habari za spishi mbili zisizolana, bali zinazogombea chakula kimoja. Hesabu ilionyesha kwamba moja hubaki na nyingine hutoweka. Tangu hapo wataalamu wa bioanuwai wanajiuliza jinsi msitu au bahari moja inavyoweza kuhifadhi spishi nyingi kiasi hicho. Na sehemu ya jibu ni kwamba kila moja ina namna yake ya kuishi na kujilisha.

Mwaka 1931 utawala wa Kifashisti uliwadai maprofesa wote kiapo cha utii. Kati ya walimu wapatao 1,200, ni kama 12 tu waliokataa, Volterra akiwa mmojawapo. Wakatoliki wengi waliapa huku moyoni wakihifadhi wajibu wao kwa Mungu na Kanisa, jambo waliloruhusiwa. Walikuwa na familia za kulisha, nasi hatuwahukumu. Lakini uzito wa hatua yake unaonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na wingi huo. Alipoteza kiti chake chuoni, na mwaka 1934 akaondolewa pia katika akademia za kitaifa, zikiwamo zile alizozitumikia kwa miaka mingi.

Ndipo ukaja uteuzi wa Baba Mtakatifu. Miaka miwili baadaye, sheria za ubaguzi wa rangi ziliwafukuza Wayahudi wote katika shule na vyuo vya Italia. Volterra alifariki Roma tarehe 11 Oktoba 1940. Kumbukumbu ya maisha yake iliandikwa na mwanahisabati Carlo Somigliana, ikachapishwa mwaka 1942 na Taasisi ileile ya Kipapa.