Mama mfinyanzi aliyemlea Siti binti Saad

SITI binti Saad hukumbukwa kote Afrika Mashariki kwa santuri zake za taarab. Wachache hukumbuka kwamba sauti hiyo ilianza kusikika chini ya mzigo wa vyungu, na kwamba vyungu hivyo vilikuwa kazi ya mama yake.

Malkia huyo wa taarab alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka wa 1880 hivi. Babake, Saad, alikuwa mkulima mwenye asili ya Tabora, naye mamake alikuwa Mzigua. Walikuwa watu wa tabaka la watumwa, na mtoto akaitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka wa 1897, lakini sheria hiyo haikumpa maskini shamba wala mtaji.

Kilichokuwapo nyumbani ni udongo. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na haukuwa mwepesi. Udongo hukandwa, chombo kikainuliwa kwa mikono mitupu, kikaanikwa, kisha kikachomwa. Kikiingia motoni kabla ya kukauka hupasuka, na jasho la siku nyingi likaishia kuwa vigae. Binti alifunzwa haya yote na mamake, kisha akakabidhiwa kazi ya kuuza. Alitembea kwa miguu na mzigo wake, akiimba ili wanunuzi wajue amefika. Kwa hakika, hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza ya uimbaji.

Alihamia mjini mwaka wa 1911. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka wa 1905, ambaye alimfunza kuimba kwa kufuata ala. Taarab wakati huo ilikuwa burudani ya wanaume, tena kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akiwa na wenzake kama vile Subeti bin Ambar na Buda bin Swedi. Mahasidi walimkejeli kwa asili yake ya shamba, naye akawajibu kwa nyimbo. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia kesi ambapo muuaji alitoroka huku mashahidi wakiadhibiwa.

Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka tangu Lamu hadi Pumwani, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi uliokuwa maskani ya Waswahili wengi.

Siti aliaga dunia Julai 8, 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, naye Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, akaendeleza nyimbo zake. Katika ukoo wenyewe, kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi huyo mwaka wa 2020, akaiita Siti of Unguja.