Hamed bin Muhammed el Murjebi (Tippu Tip) na Uliwali wa Maporomoko ya Stanley, 1887–1890

1.0 Utangulizi

Jina la Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, maarufu kwa lakabu ya Tippu Tip, si geni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, kwani tawasifu yake ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo katika lugha hii. Hata hivyo, wengi humkumbuka kama mfanyabiashara wa pembe na watumwa tu, na uliwali wake hutajwa kwa kupita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uliwali huo ndio uliogeuza mamlaka aliyoyajenga kwa miaka mingi kuwa cheo cha kuajiriwa, na kwamba aliyekubali kuajiriwa juu ya nchi aliyoitawala alikuwa amekwisha kuipoteza.

2.0 Asili na Kupanda Kwake

Hamed alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyelowea Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa hiyo inatufunza jambo la msingi kuhusu biashara ya bara: mgeni hakupata njia kwa bunduki peke yake, bali pia kwa ujamaa na wenyeji. Mwana alilishika somo hilo. Mwaka 1867 alimshinda Nsama wa Itawa kwa vita na kutwaa shehena kubwa ya pembe. Lakini huko Utetera, kabla ya kukutana na Cameron mwaka 1874, aliupata utawala kwa kudai kwamba alikuwa na nasaba na mtawala wa nchi hiyo, Kasongo Rushie, kupitia mwanamke aliyechukuliwa mateka zamani. Mzee huyo alimkubali kama jamaa, akamwachia madaraka.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi tukiilinganisha Manyema na Karagwe. Kutoka Tabora njia moja ya misafara ilielekea kaskazini hadi Karagwe, ambako Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, akiwamo Ahmed bin Ibrahim. Hao waliishi kwa ridhaa ya Mukama Rumanika: walifanya biashara, hawakutawala. Mwanzoni mwa mwaka 1876 Stanley alipita Karagwe akaiona hali hiyo. Mwaka huohuo, katika mwezi wa Oktoba, alikutana na Tippu Tip huko Manyema, na hapo akakuta mfanyabiashara ambaye mwenyewe alikuwa mtawala. Bila shaka tofauti hiyo haikusahauliwa miaka kumi baadaye, mtu wa kuajiriwa alipotafutwa.

3.0 Kati ya Mabwana Wawili

Katika miaka ya 1880 Seyyid Barghash bin Said alitaka kuuimarisha ushawishi wa Unguja barani kwa kumtumia Tippu Tip. Lakini Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 ulikwisha kufungua njia ya kutambuliwa kwa Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na Seyyid hakuwa na nguvu ya kulizuia. Mwezi wa Agosti 1886 watu wa Tippu Tip walikishambulia kituo cha Dola hilo penye Maporomoko ya Stanley, karibu na ulipo leo mji wa Kisangani, na walinzi wake wakakimbia.

Leopold hakuwa na jeshi la kutosha kukirudisha. Kwa hiyo tarehe 24 Februari 1887, mjini Unguja, Stanley aliweka mkataba na Tippu Tip kwa niaba ya mfalme. Tippu Tip akawa liwali kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kupandisha bendera ya Dola, kuzuia biashara ya watumwa, na kukubali kuwa na mwakilishi wa Kizungu kando yake. Naye aliruhusiwa kuendelea na biashara yake ya pembe. Mgongano ulikuwa ndani ya masharti yenyewe. Pembe zilitafutwa kwa uvamizi na kubebwa kwa mabega ya watu wengi waliokuwa mateka, na sasa mwenye misafara ndiye aliyepewa kazi ya kuikomesha njia iliyomtajirisha. Wanavijiji walioteketezewa makazi hawakuulizwa lolote na upande wowote.

Pamoja na hayo, uliwali wake haukuwa jina tupu. Meja Barttelot, mkuu wa kikosi kilichoachwa nyuma na Stanley, alipouawa kwa risasi mwezi wa Julai 1888, mtuhumiwa Sanga alihukumiwa mbele ya Tippu Tip na maofisa wa Dola, akauawa. Lakini katika suala la wapagazi 600 waliotarajiwa na Stanley, alichelewa na kuleta pungufu, akitoa hoja kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa. Stanley alimlaumu na kumfungulia kesi Unguja, ambayo baadaye iliachwa.

4.0 Kuondoka na Kuanguka

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Maporomoko, akimwachia nafasi mpwa wake Rashid, asirudi tena. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Dola na Waarabu wa Manyema. Gongo Lutete, aliyekuwa amepata nguvu chini ya Tippu Tip, aliuhama upande wao. Sefu, mwanawe Tippu Tip, aliuawa mwaka 1893. Na kufikia 1894 utawala wao ulikuwa umekwisha. Yeye mwenyewe alibaki Unguja, mwenye mashamba makubwa. Hapo ndipo, kwa kuombwa na Heinrich Brode, alipoandika habari za maisha yake kwa hati za Kiarabu. Alifariki tarehe 13 Juni 1905.

5.0 Hitimisho

Utetera ilimpa Tippu Tip utawala kwa sababu ilimhesabu kuwa jamaa, ingawa dai lake lilikuwa la ujanja. Leopold alimpa cheo kwa sababu alimhitaji kwa muda. Cheo hicho kiliwapa maofisa wa Dola nafasi ya kurudi Maporomoko bila vita, wakajiimarisha hadi hawakumhitaji tena. Wala kuanguka kwa Waarabu hakukuwaletea wenyeji uhuru, kwani mahali pa msafara wa pembe palikaliwa na utawala wa mpira, uliokuwa na ukatili wake.