Rudolf Diesel: mzee wa jenereta aliyepotea baharini

Wadau, umeme ukikatika na jenereta la kafe likianza kunguruma nyuma ya ukuta, kuna mtu wa kumkumbuka. Dizeli si mafuta tu, ni jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake Wajerumani. Vita ya 1870 ikawakimbiza hadi London, dogo akapelekwa Augsburg kwa ndugu. Darasani alikuwa moto. Baadaye Munich akafundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya barafu.

Kilichomkera ni injini za mvuke: joto karibu lote la makaa lilipotea bure. Akawaza, hewa ikibanwa sana inachemka yenyewe, ukiipulizia mafuta yanawaka bila cheche. Hataza akapata 1893. Injini ya mwanzo ililipua kifaa cha kupimia, lakini jamaa hakukata tamaa. Mwaka 1897 injini yake ikageuza asilimia 26 ya joto kuwa kazi. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga!

Pesa zikaja, zikaondoka. Kesi za hataza, biashara mbovu, afya ikayumba. Usiku wa 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hayupo. Siku chache baadaye maiti ikaonekana baharini, mwanae akatambua vitu vyake. Alijiua au aliuawa? Watu wanabishana mpaka leo, ila madeni yalikuwepo.

Sisi wa Mbinga tunamjua bila kumjua. Kabla laini ya Makambako–Songea haijawashwa 2018, sehemu ya umeme wetu ilitoka kwenye majenereta ya dizeli.

Sasa wenye majumba ya kompyuta za AI nao wanampigia magoti. Umeme ukikata, betri zinashika dakika chache, majenereta yanapokea. Kompyuta zenyewe ndizo zinakula hela nyingi zaidi, lakini kwenye kujenga jumba, mitambo ya umeme pamoja na hiyo ya akiba ni fungu kubwa. Na karibu mwaka mzima majenereta yamekaa tu, yanajaribiwa na kuzimwa. Tajiri ananunua jenereta ili lisitumike. Mwenye kafe anahesabu lita kwanza ndio awashe.

Haya wadau, nani yuko tayari kujaribu karanga? Tupeni maoni.